Vifuko vya kukinga kadi za benki kwa anayekwenda nyumbani likizo

Kutoka: mwanachama, Leeds

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Mwezi wa Desemba natarajia kwenda nyumbani Uyole na watoto, na njiani tutalala Iringa kwa bibi yao. Binamu yangu amenisihi ninunue vifuko vya kukinga kadi za benki, kwa kuwa amesikia kwamba mwizi mwenye kimashine ndani ya begi anaweza kupita karibu yangu stendi ya Mbezi akazisoma namba za kadi bila kunigusa. Dukani nimeviona vya bei ndogo sana na vingine vya bei ya kutisha, na muuzaji hakuweza kunieleza tofauti yake. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: vinafaa, au ni biashara ya kuuza hofu?

Kutoka: mwanachama, Reading

Dada, kamwene.

Vinafanya kazi, ila kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Kadi ya kugusisha, yaani ile unayolipia kwa kuisogeza karibu na mashine bila kuichomeka, haina betri. Kati ya matabaka yake ya plastiki umezungushwa waya mwembamba uliounganishwa na chipu, na waya huo hupata umeme pale tu unapoingia katika uga wa sumaku wa mashine ya kulipia, kwa masafa ya megahezi 13.56. Uga huo hufifia upesi mno kadiri unavyojitenga na mashine, na ndiyo maana dukani hulazimika kuisogeza kadi mpaka zibaki sentimita chache. Mtu anayetaka kuisoma kadi iliyo ndani ya pochi, ndani ya mkoba, chini ya kanga uliyojifunika safarini, itambidi akusogelee kiasi ambacho angeweza kuichomoa pochi yenyewe, na wezi wa stendi hawana subira ya kuchagua njia ngumu.

Tuseme amefaulu. Atakachopata ni namba ndefu ya kadi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Zile tarakimu 3 za nyuma hazipati, kwa sababu zimechapishwa juu ya plastiki tu na chipu haizitoi. Namba ya siri nayo haipati. Zaidi ya hapo, kila malipo ya kugusisha huambatana na msimbo ambao chipu huutengeneza kwa ajili ya malipo hayo peke yake, kwa hiyo alichokinasa hakiwezi kumtengenezea kadi ya pili ya kugusisha. Kinachobaki ni wafanyabiashara wachache wa mtandaoni wanaokubali namba na tarehe bila kuuliza zaidi. Hatari hiyo ipo, nami sitaki kuidharau, lakini ni ndogo.

Naelewa kwa nini wasiwasi umeongezeka. Hapa Uingereza kiwango cha juu cha kugusisha bila namba ya siri kilikuwa pauni 20 mwaka 2012, kikapanda hadi 30 mwaka 2015, 45 mwaka 2020, na mwezi Oktoba 2021 kikafika pauni 100. Hata hivyo fedha zikitoka bila idhini yako, Kanuni za Huduma za Malipo za mwaka 2017 zinaitaka benki ikurudishie kabla ya kwisha kwa siku ya kazi inayofuata taarifa yako, isipokuwa pale inapokuwa na sababu ya kukushuku wewe mwenyewe. Na kadi ikiwa imeibwa au kupotea, sehemu inayoweza kuachwa mikononi mwako kwa kawaida haizidi pauni 35, mradi hukuzembea kupita kiasi. Toa taarifa mara moja, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hulegea, hasa tukiwa likizo.

Kuhusu bei: kifuko cha bei ndogo ni karatasi yenye tabaka la alumini katikati. Uga wa mashine unapoifikia alumini huzusha mikondo ya umeme ndani yake, mikondo hiyo huupinga uga ulioizusha, na chipu hubaki bila nguvu. Hakuna betri inayohitajika wala siri ya kiwandani, na foili ya jikoni iliyoifunika kadi pande zote hufanya kazi hiyohiyo mpaka itakapochanika. Ukilipa zaidi, unalipia ngozi na mshono.

Sababu iliyonifanya mimi ninunue ni nyingine kabisa. Mabasi ya London hupokea kadi za benki tangu Desemba 2012, na treni za chini ya ardhi tangu 2014. Mwenye kadi mbili katika pochi moja akiigusisha pochi nzima, mashine inaweza kuitoza kadi asiyoikusudia, au mwenyewe akaingia kwa moja na kutoka kwa nyingine, akatozwa nauli ya juu mara mbili. Kifuko huizuia kadi isiyotakiwa isijibu.

Kutoka: mwanachama aliyerudi, Mbeya

Ndaga fijo kaka kwa maelezo. Mimi nilikuwa Coventry, sasa niko Mwanjelwa, na ningependa kumweleza dada jinsi kadi yake itakavyotumika akifika.

Itatumika kidogo. Sokoni, kwenye bajaji na kwa mama lishe utalipa taslimu au kwa simu. Kadi ya ugenini utaihitaji zaidi kwenye ATM na katika baadhi ya hoteli kubwa, na ukiichomeka kwenye ATM, kifuko kimeshabaki mkobani. Hapo kinga yako ni kiganja unachofunikia vitufe unapoandika namba ya siri, na kumkatalia kwa adabu kijana anayejitolea kukusaidia. Hotelini usikubali kadi ichukuliwe ikapelekwe ofisi ya nyuma. Omba kimashine kiletwe mezani, na kama hakiletwi, inuka uifuate.

Ila kwa niliyoyaona, namba za kadi za ndugu zetu huvuja kupitia picha. Mpwa wako wa Makambako anataka kukukatia tiketi ya ndege ya kuja Songwe, anakuomba umtumie kwa WhatsApp picha ya kadi pande zote mbili, nawe unamtumia kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Hana nia mbaya. Lakini picha hiyo ina namba, jina, tarehe na zile tarakimu 3 ambazo mwizi wa Mbezi asingezipata kwa kimashine chochote, na itakaa katika simu ambayo mwakani itauzwa au itapelekwa kwa fundi. Tiketi kata mwenyewe, au umtumie fedha kwa simu. Kama picha ilishatumwa, iombe benki ikubadilishie kadi kabla hujasafiri.

Pasipoti usiihangaikie sana. Pasipoti zetu za kielektroniki, zinazotolewa tangu Januari 2018, zina chipu, lakini msomaji huifungua kwa kutumia namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kwisha muda wake, yaani taarifa zilizo kwenye ukurasa wa picha. Anayekutolea kopi ya ukurasa huo ndiye wa kumwangalia.

Kama bado unataka kifuko, usinunue huko. Fundi cherehani yeyote atakushonea pochi ya kitenge ukimletea foili halisi, maana plastiki ya kung'aa ya pakiti za biskuti mara nyingi haitoshi. Mwombe aikunje foili mara mbili, aiweke kati ya kitambaa na bitana ili isichanike, na kifuniko kishuke mpaka chini ya mdomo wa mfuko. Kisha ijaribu dukani kabla ya kuiamini: ikiwa kadi italipa ikiwa ndani, uangalie upya mshono. Na mfuko mmoja aushone bila foili, uwe wa kadi utakayogusishia kwenye mabasi ya Leeds ukirudi.