Prado 120: nifunge springi mpya za inchi 2 au spesa tu?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina Prado 120 ya dizeli, nipo Arusha. Siku za kazi ni mjini tu, ila huwa naenda Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu na Engaruka: watu wanne, keria juu, madumu ya maji na mafuta. Kwenye makorongo tumbo linagusa, na likijaa mzigo nyuma linachuchumaa kama bata.

Nataka kulinyanyua inchi 2, si zaidi. Mbele kila tairi linajitegemea, ukipandisha mno shafti zinakaa kwa pembe kali na mpira wake unachanika mapema.

Fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited anataka aniwekee spesa (vipande vya kuongeza urefu) juu ya springi za zamani. Bei rahisi, kweli, lakini springi iliyochoka itabaki ileile na mzigo utaendelea kuilaza. Mimi naegemea seti kamili, springi na shokapu, chapa ya Old Man Emu au Ironman. Nilipokwama ni springi za nyuma, maana zinauzwa kwa madaraja ya uzito. Za mzigo mkubwa zitanitesa mjini gari likiwa tupu. Za kati zitahimili hiyo keria na madumu?

Halafu zile rasta (mawimbi ya barabara ya vumbi) za Engaruka zinachemsha shokapu mpaka zinalegea. Nani ametumia huko, zikadumu? Na mkishanyanyua, alaimenti inakubali au lazima wishiboni za juu (mikono inayoshika tairi za mbele) zibadilishwe?

Mwenye springi za kuuza tu, tafadhali aanze na jibu kwanza.