Mjadala: Kituo cha jeshi kwenye kisiwa wanakotaga ndege, kijengwe au kibaki nchi kavu?

Mwana wa Sango: Wakuu, mwaka 2017 wanajeshi wetu wa Uganda walianza kusimamia sheria za uvuvi Ziwa Victoria. Sizungumzii mpango uliopo, nauliza mapema. Ikitakiwa kambi ya doria yenye gati, nyumba za askari na tangi la mafuta, visiwa kama Musambwa viguswe? Ni miamba mbele ya Ghuba ya Sango, lakini koloni lake la shakwe wa kichwa kijivu linatajwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika, na tangu 2006 eneo hilo limo kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mimi nasema visiguswe.

Afande Mstaafu: Ndugu, shakwe huyo hayuko hatarini, yupo Afrika na Amerika Kusini pia. Boti ikitokea ufukoni, mwenye nyavu haramu anaiona mapema na kutoweka. Tena askari akiwepo kisiwani, nani ataokota mayai? Ujenzi wa miezi michache utamaliza ndege gani?

Mwana wa Sango: Afande, zege silo linaloniogopesha sana. Naogopa vinavyoingia pamoja na magunia ya unga. Tazama kisiwa cha Ascension, Atlantiki. Mwaka 1815 Uingereza iliweka kikosi pale kwa sababu Napoleon, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa, alikuwa amefungwa kisiwa cha St Helena. Panya walishafika na meli, paka wakaletwa kuwadhibiti, paka wakageukia ndege. Frigati wa Ascension, ndege wa baharini ambaye hazaliani kwingine popote duniani, akabaki kwenye jabali dogo la Boatswainbird pembeni ya kisiwa. Paka walitangazwa kumalizika 2006, na viota vya kwanza vikarudi kisiwa kikubwa 2012. Hesabu mwenyewe kikosi kile kiliacha deni la miaka mingapi.

Maji na Mabawa: Na miezi hiyo michache si midogo. Shakwe hutaga mayai mawili au matatu chini, kwenye nyasi kidogo juu ya mwamba. Fundi akipita, koloni zima linaruka. Jua la mchana likipiga mayai yaliyo wazi, kilichomo ndani kinakufa, na mwewe hangoji kualikwa. Vifaranga ndio huumia zaidi: wakishtuka hukimbilia eneo la jirani, na shakwe mkubwa asiye mzazi wao huwadonoa kichwani mpaka wafe. Usiku taa kali humulika viota, wazazi hawatulii.

Kuhusu mayai, Afande, wavuvi wa Musambwa wenyewe walijiwekea sheria za kuyalinda. Hao ndio wa kuungwa mkono.

Afande Mstaafu: Basi toeni masharti, msitoe katazo tu. Usalama hauwezi kusubiri ndege waangue.

Maji na Mabawa: Masharti ninayo, ila ni ya kituo cha ufukoni. Kwanza tathmini ya athari kwa mazingira ipelekwe NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ndege wahesabiwe mwaka mzima, maana hesabu ya wiki moja inaweza kuangukia wakati koloni limehama. Boti ya doria ifungwe kwenye boya mbali na miamba, askari wapokezane humo humo. Hapo mwenye nyavu hasikii injini ikitoka ufukoni. Mizigo ifunguliwe na kukaguliwa bara kabla ya kupakiwa. Kamba za boti zivishwe sahani za kuzuia panya. Mafuta yasihifadhiwe kisiwani hata pipa moja. Taa zifunikwe, zielekee chini. Mbwa na paka hapana.

Afande Mstaafu: Boya nalikubali. Mnara wa mawasiliano je? Mwamba ule ungefaa.

Mwana wa Sango: Huo ndio usiokubalika kabisa. Kisiwani Midway, Pasifiki, nyaya za kushikilia minara ya antena ya jeshi la wanamaji la Marekani ziliua albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wengi waliozigonga wakiruka. Mnara usimame bara, kwenye mwinuko, na uwe wa kujisimamia bila nyaya.