Viwavijeshi vamizi: dawa igawiwe bure au kila mtu apambane na shamba lake?

Mzee wa Vwawa: Wakuu, tangu hawa wadudu waingie nchini 2017 kila msimu kilio ni kilekile, muhindi haujafika gotini ushatobolewa. Nzige wakija ndege zinaruka, kwelea kwelea wakija ndege zinaruka, hawa je? Mbolea ina ruzuku, dawa yao isiwe nayo kwa nini?

Kambamguu: Bure bure, kila kitu bure. Bibi yangu anapita na ndoo ya majivu na mchanga, anatia kwenye moyo wa kila muhindi na mahindi yake yamesimama. Shida wanaolia humu wengi ni wakulima wa simu.

Mzee wa Vwawa: Mkulima wa simu mimi?? Leo saa kumi na moja alfajiri nilikuwa shambani, nafungua jani, kidole kinazama kwenye ule uchafu wake kama vumbi la mbao lililolowa, chini kuna mmoja kajikunja na ile Y yake ya kichwa chini miguu juu kwenye paji la uso. Heka sita, majivu nikachome msitu gani?

Mama Heka Mbili: Majivu yanasaidia wakiwa wadogo, akishajichimbia ndani umechelewa. Na wanaopulizia saa sita mchana wanamwogesha muhindi tu, mdudu anakula usiku. Ila hapo kwenye wakulima wa simu tusimame kwanza. Mimi kazi iko Dar shamba liko Kilosa, hela ya palizi natuma mimi, kosa langu nini?

Chura Msafi: Kosa lako ni kuamini picha dada 😂 kijana anakupigia shamba la jirani.

Mama Heka Mbili: Cheka tu, ila imenikuta. Picha kijani tupu, nyuma kuna mwembe mkubwa. Kufika shambani, mwembe sina.

Kambamguu: Si ndo nilichosema.

Ngosha Original: Mnazunguka tu. Majaribio ya mahindi ya GMO, yale ya kubadilishwa vinasaba, pale Makutupora Dodoma yalisitishwa 2018, hapo ndo tulipojiroga.

Kambamguu: Wewe na GMO yako kila mada. Mdudu katoka Amerika, akaibukia huko Afrika Magharibi sijui Nigeria sijui Benin 2016, sasa na mbegu tukanunue kwao tena?

Mzee wa Vwawa: Jamani mimi niliuliza habari ya dawa.

Chura Msafi: Haya mzee wangu, dawa. Dada, na ya dawa ulituma?

Mama Heka Mbili: Mara tatu. Picha zote tatu chupa ni ileile, na kizibo kina ufa palepale.