Kombe la CECAFA la Wanawake: lichezwe kila mwaka, au lipewe tarehe isiyoyumba?

Wapo wanaodai kwamba Kombe la CECAFA la Wanawake, la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, lichezwe kila mwaka, kama yanavyochezwa mashindano ya klabu ya kanda yanayotoa mwakilishi wa Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake. Kiu yao naielewa, ila nadhani wanapigania idadi mahali pa tarehe.

Zanzibar iliandaa na kulitwaa kombe la kwanza mwaka 1986, kisha ikapita miaka 30 hadi lilipochezwa tena Jinja, Uganda, mwaka 2016. Tangu hapo limechezwa 2018, 2019, 2022 na 2025, bila mpangilio ambao kocha angeweza kuutegemea. Mashindano ya klabu hayajaruka mwaka tangu yaanze 2021, kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, huhitaji bingwa wa kanda kabla ya fainali zake.

Pendekezo langu ni kwamba lichezwe kila baada ya miaka miwili, ndani ya kalenda ya FIFA, kabla ya mechi za kufuzu WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake. Nje ya kalenda hiyo klabu hailazimiki kumwachia mchezaji, na kuifunga Tanzania isiyo na washambuliaji wake Aisha Masaka wala Clara Luvanga ni furaha ya muda tu. Zaidi ya hapo, mechi za kufuzu ni za mtoano, nyumbani na ugenini, hivyo timu inayotolewa raundi ya kwanza huambulia dakika 180 za ushindani, halafu wachezaji hutawanyika. Kigali 2018 timu tano zilikutana zote, kila moja ikacheza mechi nne, na Tanzania ikafunga kazi kwa kuichapa Ethiopia 4-1.

Nitaambiwa kwamba mwaka 2022 kombe lilichezwa Juni, mwezi mmoja kabla ya WAFCON ya Morocco, na kwamba lilizifaa Uganda na Burundi, zilizokutana katika fainali ya Njeru na zote zilikuwa zimefuzu. Ni kweli, lakini aliyefuzu hapati shida sana kualikwa mechi za kirafiki. Asiyefuzu ndiye hana pa kucheza.

Kinachonitatiza ni gharama. Je, vyama wanachama vichangie mfuko mmoja, ili mwenyeji asibebe mzigo wote na kuahirisha anapoishiwa? Wanaotaka kombe la kila mwaka watueleze kwanza nani atalilipia.