Watoto sita wa kobe wametoka kwenye mayai, mmoja bado ana kiini tumboni. Nianze wapi?

MleziMpya:
Wakuu, habari zenu. Mayai ya kobe wa madoa, Stigmochelys pardalis, yameanza kuanguliwa tangu juzi ndani ya mashine ya kutotolesha. Sita wameshatoka. Watano wamechangamka, macho wazi. Wa sita bado ana kitu cha njano kimening'inia chini ya tumbo, ukubwa wa harage, kimelowa. Nimeandaa tangi la kioo lililo wazi juu, mchanga mkavu sentimita 5, balbu ya joto na bakuli la maji. Hicho cha njano nikifanyeje? Wale nini, kuanzia lini? Na mchanga huo uko sawa? Niliambiwa kobe wa nyika hataki unyevu.

Gamba_Laini:
Hongera mkuu. Nianze na huyo wa sita, maana ndiye anayeweza kufa leo.

Hicho ni mfuko wa kiini, akiba ya chakula cha siku zake za mwanzo. Usikivute, usikikate, usikifunge na kitu. Kina mishipa ya damu inayoingia moja kwa moja tumboni, na kikipasuka atavuja damu au vijidudu vitapata njia ya kuingia. Chukua kikopo cha plastiki chenye matundu machache, tandika karatasi laini ya jikoni isiyo na harufu wala maandishi, iloweshe kwa maji safi kisha uikamue mpaka isidondoshe tone. Muweke humo peke yake, wenzake wakimpanda watakitoboa. Mrudishe kwenye mashine kwenye joto lilelile la mayai, kama nyuzi 30. Badilisha karatasi kila siku, na kila akichafua.

Kiini kitanywewa chenyewe. Wengine siku mbili, wengine karibu wiki. Kikishaisha utaona mwanya mwembamba katikati ya tumbo. Asiguse udongo mpaka mwanya huo ujifunge na kukauka. Kikigeuka rangi kuwa cheusi au kikianza kunuka, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

Usishtuke ukiona mkunjo unaokatiza ganda la chini, ni alama ya kukaa amejikunja ndani ya yai na utanyooka. Ile ncha ndogo nyeupe mdomoni, chini ya pua, aliyopasulia yai itadondoka yenyewe.

Mchanga utoe. Unaganda kwenye chakula, wanaumeza, unajazana utumbo.

Nyika_Kavu:
Kuhusu unyevu naomba kutofautiana na watakaokuja kusema maji mengi. Kobe huyu ni wa savana. Ukimlowesha atapata makamasi, pua itatoa mapovu, mapafu yataumwa. Pakavu ndiyo salama.

Gamba_Laini:
Ndugu yangu Nyika_Kavu, kinacholeta makamasi ni unyevu pamoja na baridi. Unyevu pamoja na joto hauwadhuru watoto hawa. Ni kweli mkubwa wa savana anavumilia ukavu, lakini mtoto wake hutoka ardhini mvua zikinyesha, na siku zake hupita amejichimbia chini ya nyasi na majani yaliyooza, penye unyevu. Juani hakai sana. Tangi la kioo lililo wazi juu, lenye balbu kali, ni pakavu kuliko nyika yenyewe.

Ukavu huo unadhuru mara mbili. Kwanza ganda: linakua kwenye mistari kati ya vigae, yaani vile vipande vinavyoliunda, na tabaka jipya likikauka mapema linakuwa gumu, kigae kinainuka juu kama kichuguu. Vichuguu hivyo havishuki tena maisha yake yote. Pili, na hili ndilo baya zaidi, mtoto aliyekosa maji siku za mwanzo huharibika figo kimyakimya. Anakula kidogo, haongezeki uzito, ganda linabaki laini, halafu anakufa wiki kadhaa baadaye wakati mwenyewe anatafuta kosa kwenye chakula cha jana.

Kwa hiyo MleziMpya, tafuta kasha unaloweza kulifunika juu. Chini weka magome ya miti yaliyosagwa au usumba wa nazi, sentimita 8 hivi. Mwagia maji ya uvuguvugu pembeni ili yashuke chini; tabaka la chini liwe na unyevu, la juu liwe kavu kidogo. Unyevu wa hewa asilimia 80. Joto: chini ya balbu nyuzi 35 hadi 37, kwingine 27 hadi 30, na usiku lisishuke chini ya 26. Usiku tumia kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga, kikiwa kimeunganishwa na themostati, yaani kidhibiti joto. Balbu iwe ya kutawanya mwanga. Ya miale myembamba inakausha mgongo. Pima joto kwa usawa wa mgongo wa kobe, kwa sababu juu ya kasha utapata namba nyingine kabisa.

JaniBichi:
Niongezee maji na chakula. Wale watano waogeshe leo. Beseni lenye kuta zilizosimama, maji ya nyuzi 30 hadi 35, kina kiishie pale ganda la juu linapokutana na la chini. Dakika 20 hadi 30, kila siku. Maji yakipoa ongeza ya moto pembeni, ukiwa umewatoa kwanza. Angalia wanachoacha: ute mweupe laini kama uji ni sawa, ukiwa na chembechembe kama mchanga hawanywi maji ya kutosha. Bakuli la kudumu liwe kisahani kifupi cha udongo. Bakuli refu akipinduka ndani yake anazama.

Wawekee chakula tangu siku ya kwanza, hata wakikigusa tu. Wengine hukaa siku kadhaa wakitumia kiini. Nyasi changa zilizokatwa vipande vidogo, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforosadi, mpungate uliotolewa miiba. Kalsiamu ya unga, kiasi kidogo sana cha kushika kwa kidole na gumba, kwa wote, mara mbili kwa wiki. Spinachi isiwe chakula cha kila siku, ina oksaleti inayoshika kalsiamu. Matunda, mkate na nyama usiwape.

MleziMpya:
Asanteni sana wakuu. Mchanga nimeshautoa. Kasha liko karibu na dirisha lenye jua, bado nahitaji taa ya UVB, ile ya miale ya urujuanimno kama ya jua? Na nitajuaje kama wanakua?

JaniBichi:
Unaihitaji, kioo cha dirisha kinazuia UVB. Bila hiyo hawatengenezi vitamini D3, na kalsiamu unayowapa inapita tu. Chukua taa ya mrija, achana na balbu ndogo zilizojikunja, na ubadilishe kila mwaka hata kama bado inawaka. Ukiwatoa nje juani, wape kasha la wavu lenye kivuli nusu. Tangi la kioo juani huwaivisha kwa dakika chache.

Ukuaji upime kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja. Mara moja kwa wiki, kabla ya kuwaogesha, kwa sababu wakinywa uzito unapanda. Weka alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye kigae, mbali na mistari ya ukuaji, uandike kila mmoja peke yake. Ukijumlisha wote, anayedhoofika atafichwa na wenzake wanaonenepa. Asiyeongezeka kwa wiki mbili mtenge, mwogeshe mara mbili kwa siku na umwone daktari. Na ukigawa baadaye, usiwaache wawili pamoja: mmoja humkalia mwenzake kwenye chakula na joto bila hata kumuuma.