Nampeleka Ba Haridwar siku nne, kati ya sikukuu za Wahindu za Dashera na Diwali ni sawa kweli?

nyanya_nakasero:
Wandugu habari zenu. Nafanya kazi kwa familia moja ya Wahindi hapa Kampala, huu mwaka wa tisa, namwangalia bibi yao ambaye wote tunamwita Ba. Sasa Ba anataka aende India kabla magoti hayajamgomea kabisa, aoge kwenye mto mtakatifu wa Ganga na amalizie majivu ya marehemu mumewe, maana mengine yalishamwagwa Jinja lakini kidogo kamebaki kwenye kachungu kabatini. Mwanawe hawezi kuacha duka saa hizi watu wananunua nguo kama wamepagawa, basi nimeambiwa mimi ndo nitaenda naye. Tunashukia Delhi, halafu Haridwar na Rishikesh, miji ya kando ya huo mto, siku nne tunarudi, Ba anataka awashe taa za Diwali na wajukuu. Mimi Mkristo, sijui nitaruhusiwa kushuka naye mtoni ama nitabaki juu nimeshika viatu. Na kuna mtu anatuambia tuongeze Varanasi, mji mwingine wa mbali huko chini, eti si mto ni uleule. Nisaidieni.

boda_wa_busia:
Kwani Jinja imewakosea nini 😂 Majivu ya Gandhi mwenyewe yalimwagwa pale Nile inapoanzia mwaka 1948, na sanamu yake ipo, waziri mkuu wa India aliizindua 1997. Nauli ya takisi tu mmefika.

fundi_tororo:
Huyo mwacheni. Dada, hizo tarehe badilisha, nakwambia kwa uchungu. Pale Har Ki Pauri, zile ngazi za kuogea za Haridwar kila mtu anazitaka, maji yanayopita ni mkondo uliokatwa kutoka mtoni kwenda kwenye mfereji wa Waingereza uliofunguliwa 1854. Kila mwaka Dashera ikifika wanaufunga wausafishe na kuukarabati, mpaka Diwali ndo wanaachia. Mimi nilimsindikiza bosi wangu tukaangukia humohumo. Mzee kashuka asubuhi taulo begani, anakuta mawe, matope, maji ya kifundo cha mguu, na vijana wameinama na sumaku zilizofungwa kamba wanavua sarafu ambazo mahujaji wametupa mwaka mzima. Alisimama pale hasemi kitu. Kutoka Entebbe mpaka pale kwa ajili ya yale!

Tarehe zikikataa kubadilika, mwogeshe Rishikesh, iko juu kama kilomita 25, mto haujafika kwenye huo mfereji. Triveni Ghat ina ngazi nzuri. Ila barabara ina jam, msitoke mmechelewa.

Varanasi sahau. Mto mmoja ndio, hata Jinja na Juba ni Nile moja, utaenda siku moja na bibi wa magoti?

mama_koboko:
Fundi ana haki lakini upande mmoja. Maji yakiwa yamejaa yanakimbia vibaya na baridi yake ya kutoka milimani inakuingia mpaka kwenye meno, ndio maana wameweka minyororo ya kushikilia. Kwa mtu mzee maji kidogo sio laana. Wengine huwa hawaingii hata, wanamkalisha ngazi ya mwisho wanamwagia na lota, kale kachungu ka shaba, kichwani, imeisha.

Kuhusu wewe dada: pale Har Ki Pauri penyewe kuna sheria ndogo ya zamani ya manispaa inayozuia wasio Wahindu, kwa hiyo usijilazimishe, muongee na panda wao, yaani kuhani wa mahujaji, mapema awape mtu wa kumshika Ba. Na hela ya panda mkubaliane KABLA hajaanza kusoma, akishaanza utaona aibu kubishana mbele ya majivu. Lakini huyohuyo panda muulizeni daftari. Wana madaftari marefu ya familia, yamepangwa kwa kijiji cha asili, vizazi na vizazi. Tulipoenda na mama wa kwetu alitaja kijiji cha mumewe Gujarat, mzee akafunua funua, akatoa ukurasa wenye mwandiko wa baba mkwe wake. Yule mama aliweka kidole juu ya ile wino akakaa hivyo, mimi nikaona nitazame pembeni.

Chakula: hakuna nyama, hakuna pombe, hata yai. Rolex yetu ya chapati na mayai usiiote, utaikuta Kampala. Na kadi ya homa ya manjano usiisahau, sisi wa kutoka Uganda tunaulizwa, chanjo iwe na siku kumi kabla ya kuingia, la sivyo wanakuweka karantini.

nyanya_nakasero:
Banange, asanteni, sikuwa najua hata mambo ya mfereji, na mwanawe naye hakujua, ana WhatsApp ya ndugu hamsini India hakuna aliyemwambia. Amesema tuahirishe, twende siku chache baada ya Diwali.

fundi_tororo:
Hapo sawa, ila mrudi kabla ya Kartik Purnima, ile mwezi mpevu siku kama kumi na tano baada ya Diwali. Siku hiyo ni umati, hutapata hata pa kuegesha kiti cha magurudumu.

nyanya_nakasero:
Nimeandika ukutani. Ba nimemsomea yote, yale ya sumaku kacheka mpaka kakohoa. La daftari hakucheka, ameenda kuandika jina la kijiji kwenye karatasi akaiweka ndani ya kachungu.

boda_wa_busia:
Mkirudi mniletee yale maji kidogo, dada. Yawekeni kwenye begi la chini lakini, juu wanataka chupa ya mililita mia tu.