Eti "mwambie mama yako ahamishe mikorosho"! Huyu mwenye renji ya bunduki anatuona sisi nani?

Mjukuu wa Mkulima:

Wakuu, nimetoka kutukanwa sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Nikikosea herufi mnisamehe.

Yule bwana mnamjua. Watu wa huku Mtwara, njia ya Nanyamba, wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa gari jeupe lenye taa juu ya paa, aliyejizolea mashamba msimu ule wa 2018 watu walipokuwa wanasubiri hela ya korosho mpaka macho yanatoka. Alisimama kwenye mkutano akasema anataka kuweka "uwanja wa mazoezi". Vijana tukajua mpira. Wazee wakapiga makofi. Kumbe mazoezi yenyewe ni bastola na raifo, na uwanja wenyewe unatazamana uso kwa uso na shamba la mama yangu.

Leo asubuhi mama alikuwa anapalilia chini ya mikorosho. Milio ilikuwa imeanza, tumeshaizoea, kuku wetu wameacha kutaga kwa ajili ya huyu mtu. Ghafla kitu kikapita juu yake, vyuuu, na majani yakadondoka. Mama akajitupa kifudifudi. Mama huyu ambaye kuinuka mkekani tu anashikwa mikono miwili, leo kalala chini haraka kuliko kuruta wa jeshi kule JKT!

Nikaenda. Nimefika na shikamoo yangu, maana ni mkubwa kwangu. Nimemkuta amevaa yale madude ya kuziba masikio kama rubani wa ndege, pembeni yake kibakuli cha korosho za kukaanga. Nikamweleza kwa adabu kwamba mzee, risasi zinafika kwetu, na kwetu kuna watu. Akafunua sikio moja. Moja! Akachota korosho, akatia mdomoni, akatafuna, akameza, ndipo akasema:

"Sasa si umwambie mama yako ahamishe mikorosho."

Wakuu. Ahamishe mikorosho. Miti aliyopanda babu yangu, matawi yamelala mpaka chini, mmoja tu unafunika eneo la nyumba mbili. Ahamishe. Apakie kwenye bodaboda?

Na alikuwa ANATAFUNA KOROSHO. Hicho ndicho kinachoniua. Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 ilihamisha watu, mikorosho ikabaki ilipo. Huyu kaja na operesheni ya kuhamisha miti, halafu mdomoni ana korosho.

Wakati narudi nimepita mpakani. Mkorosho wa kwanza kabisa una tundu ambalo kidole changu cha mwisho hakiingii. Ukizunguka upande wa pili, ganda limechanika na utomvu wa kahawia umetiririka hadi chini, umeganda mgumu. Umeganda, wakuu! Yaani hiyo si risasi ya leo. Huyu mtu anatupiga siku zote, mama anapalilia tu hajui.

Nyuma ya shabaha zake hakuna tuta. Kapanga matairi mabovu ya lori. Nyuma ya matairi ni sisi.

Ming'oko Mibichi:

Ahamishe mikorosho hahahahaa. Mkuu samahani, nimecheka kabla sijakupa pole. Pole sana.

Baharia wa Mikindani:

Mleta uzi umemfuata mtu mwenye raifo ukiwa na shikamoo tu mkononi. Ungeanza na mwenyekiti wa kijiji.

Mjukuu wa Mkulima:

Mwenyekiti ndiye aliyeongoza makofi siku ya mkutano. Na hukuwepo, hukuona anavyotafuna.

Kuruta wa Zamani:

Hapa tusitanie. Nilipita JKT na renji naijua. Kabla hujauliza shabaha zinakaa wapi, unauliza nyuma ya shabaha kuna nini. Kama hakuna kilima, unajenga tuta la udongo, refu kumzidi mtu, pana, udongo usio na mawe, maana risasi ikigonga jiwe inaruka anakojua Mungu mwenyewe. Pembeni nako matuta. Bendera nyekundu inapanda kabla ya mlio wa kwanza na haishuki mpaka silaha zote ziwe tupu na zimekaguliwa. Kuna mtu mmoja kazi yake ni kutoa amri, akisema acha, hata kidole hakibaki kwenye kifyatulio. Na matairi ndiyo mabaya zaidi, mpira unaweza kuirudisha risasi kwa mpigaji.

Wanaosema "ni kabastola tu" wajue hata risasi ndogo ya .22 ikipaa vizuri inaweza kufika kilomita moja na nusu. Za raifo usiseme. Sasa pimeni kutoka kwake hadi kwa mama wa mleta uzi.

Mjukuu wa Mkulima:

Kilomita moja na nusu? Kutoka kwake hadi kwetu mtu akipiga chafya tunamwambia afya!

Chai ya Rangi:

Hii chai, umetunga. Leta picha.

Mjukuu wa Mkulima:

Picha ya nini, ya mama yangu amelala kifudifudi? Wewe risasi ikipita juu ya mama yako unatoa simu?

Chai ya Rangi:

Ya tundu kwenye mti, mkuu. Punguza jazba.

Shangazi Mwanasheria:

Mwanangu, pole na mpe pole mama. Nenda polisi wilayani kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, leo hii, usisubiri kesho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inampa mtu leseni ya kumiliki silaha yake, haimpi ruhusa ya kupitisha risasi kwenye shamba la jirani. Pili, hiyo ardhi. Kama aligawiwa na kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Ombeni muhtasari wa ule mkutano. Kama umeandikwa "mazoezi" bila kutaja silaha, basi hamkuridhia bunduki. Na ule mti usiuguse, usichomoe kitu, huo ni ushahidi.

Mjukuu wa Mkulima:

Ahsante shangazi. Huyu ndiye mtu pekee aliyesoma uzi.

Tembo Wamenichosha:

Ninyi mnalia mna mtu mwenye bunduki jirani? Mleteni Liwale! Huku tembo wanatoka hifadhini usiku, asubuhi unakuta muhogo wote umeng'olewa na ghala limebomolewa. Sisi tunapiga madebe. MADEBE. Ukimgusa tembo unaozea jela, yeye akikumalizia shamba unajaza fomu ya kifuta jasho, unaisubiri mpaka unasahau uliomba nini. Huyo bwana na renji yake tunamkaribisha, ekari tunampa bure.

Ufuta Mweupe:

Wewe una tembo, mimi nina ng'ombe. Tembo angalau ni wa serikali. Ng'ombe wana mwenyewe, na mwenyewe anakutazama usoni huku ng'ombe wake mia wanapita kwenye ufuta uliobakiza wiki kuvunwa. Kilwa yote inalia.

Mjukuu wa Mkulima:

Wakuu, turudi kwenye mada. Kasema mama yangu AHAMISHE MIKOROSHO.

Ming'oko Mibichi:

Tumesikia mkuu. Huku akitafuna.

Daraja la Pili:

Mikorosho kuhama ni nafuu, mkuu. Mimi korosho zangu zimehama daraja. Nimezianika, nimechambua moja moja na mke wangu, nimefika ghalani kijana anatia mkono kwenye gunia, anazikata mbili tatu, anasema daraja la pili. La pili! Halafu hela ikija ina makato mpaka unajiuliza ni wewe ulilima au ni wao.

Baharia wa Mikindani:

Ndiyo maana watu wanauzia kangomba, wale walanguzi wa kichochoroni.

Daraja la Pili:

Kangomba atakunyonya usiku, wale wanakunyonya mchana kwa risiti.

Mzee wa Historia:

Huyu kijana kaitaja Operesheni Vijiji na mmepita tu. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilipata tani 145,000 za korosho. Watu wakasombwa, mashamba yakabaki mbali, nani atembee maili zote hizo kupalilia? Pori likaingia, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei nayo mbovu, mwishoni mwa miaka ya 80 tukawa chini ya tani 20,000. Mkorosho hauhitaji kuhamishwa ufe. Ukimtia hofu mwenye nao asiende shamba, umekwisha.

Mjukuu wa Mkulima:

Mzee wangu, umesema! Mama amesema kesho haendi shamba. Mama yangu, ambaye hajawahi kukosa shamba hata siku ya msiba asubuhi. Kufagia chini hakuna, na tunakaribia kuanza kuokota. Kwa hiyo yeye atafune korosho, sisi tukae ndani tumsikilize anavyolipua.

Msimamo wangu huu hapa. Kesho naenda kwa OCD na picha ya mti (Chai ya Rangi utaiona). Kisha tunaitisha mkutano wa kijiji, na mbele ya wazee arudie alichoniambia. Ajenge tuta, aweke bendera, ageuze mitutu upande usio na watu, au afunge. Na kibakuli chake aache nyumbani.

Kuruta wa Zamani:

Safi. Mwambie OCD aulize pia nani msimamizi wa hiyo renji, na risasi zinatunzwa wapi. Halafu ile risasi inayobaki kwenye udongo miaka na miaka ni sumu, mvua zikinyesha maji yanaenda visimani.

Ufuta Mweupe:

Visima gani, watu wa uwanda wa Makonde si wanakinga maji ya mvua?

Ming'oko Mibichi:

Wengine tuna bomba siku hizi, usituonee.

Ufuta Mweupe:

Bomba lipo, maji yapo?

Baharia wa Mikindani:

@Tembo Wamenichosha umejaribu pilipili? Unasaga pilipili kali, unachanganya na oili chafu, unapaka kwenye vitambaa na kamba unazungushia shamba. Tembo hapendi kabisa ile harufu. Wengine wanatundika mizinga ya nyuki kwenye uzio, tembo akigusa waya nyuki wanatoka.

Tembo Wamenichosha:

Pilipili nilijaribu, mvua ikanyesha ikaosha yote. Mizinga ndiyo naitafuta. Kuna mtu anatengeneza huku Nachingwea au mpaka Masasi?

Daraja la Pili:

Yupo fundi Masasi, mizinga yake ya mbao ni imara. Nimekutumia namba, angalia ujumbe.

Tembo Wamenichosha:

Nimeiona, mkuu. Anapokea malipo nusu nusu?